Sauti ya Shangazi Ndani ya Falme Tisa

Benchi lenyewe ni mlango. Ulikuwa mlango wa duka la dawa; duka likahama, mlango ukabaki, na Chaji akaulaza juu ya matofali mbele ya chumba chake cha gemu. Kitasa hakikung'olewa. Kipo mpaka leo mwisho wa kulia, na aliyewahi kukikalia hasahau. Sheria ya benchi ni moja tu: anayekaa kwenye kitasa ndiye msomaji. Likija gazeti, ukiingia ujumbe kwenye simu ya yeyote, yeye ndiye anayesoma kwa sauti wengine wakinywa kahawa. Alasiri hiyo kitasa kilimwangukia Katibu, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, na ujumbe ulikuwa wa kwake mwenyewe. Aliusoma mpaka katikati akakwama, na watu wanne ambao kwa kawaida hata mvua haiwanyamazishi wakanyamaza.

— Rudia hapo, alisema Mwalimu Ramani, aliyefundisha jiografia miaka thelathini na mpaka leo hawezi kunywa kahawa bila kuuliza inakotoka.

Katibu akarudia. Sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

— “Kutokana na mwenendo wa soko la nchi yenu, kuanzia leo taifa la tisa halitapatikana tena kwa wachezaji wa nchi yenu. Litaendelea kupatikana katika nchi nyingine zote.”

— Taifa la tisa si ndiyo sisi? aliuliza Kipenga.

— Ndiyo sisi.

— Yaani sisi tutapatikana kote.

— Kote.

— Isipokuwa kwetu.

— Ndivyo walivyoandika, alisema Katibu, akaitazama simu kana kwamba imemtukana mama yake.

Asiyeijua Falme Tisa aelezwe hapa hapa. Ni gemu ya vita na ujenzi. Unachagua taifa, unapewa wafanyakazi kumi, kipande cha msitu na mto. Unakata miti, unalima, unajenga ngome, halafu unakwenda kuwabomolea wenzako za kwao. Zamani ilikuwa na mataifa manane. Majirani zetu walikuwemo, waliowatawala babu zetu walikuwemo, hata watu wa nchi za barafu walikuwemo. Sisi hatukuwemo, na mtaa uliumia kwa hilo kuliko ulivyowahi kuumia kwa mambo ya maana. Katibu ndiye aliyeiandikia kampuni barua. Alikusanya sahihi mia sita kwenye benchi hili na kwenye kiti chake cha kunyolea, watu wakisaini huku wana povu shingoni, na jina la Katibu likamganda tangu siku hizo. Kampuni ikakubali. Ikatuma watu wenye vipaza sauti watafute wa kuwasemea wafanyakazi wa taifa letu, na sauti waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Shangazi.

Shangazi hana udugu na yeyote pale. Ni mama wa makamo anayeuza kahawa, kigoda chake kiko hatua tatu kutoka kwenye kitasa, na chupa yake kubwa ya bluu ndiyo inayolifanya benchi liwe benchi. Siku mbili aliacha kuuza akaenda kusema maneno ndani ya chumba chenye magodoro ukutani. Kaka yake alikataa katakata mwanzoni: mtu mzima, tena mama wa watu, akapayuke ndani ya vitu vya kuchezea? Katibu alikwenda kwa huyo kaka mtu yeye mwenyewe, na shati lililopigwa pasi, akaapa. Mtaa mzima utamsikia dada yako, alisema. Na siku taifa letu litakapotoka, mimi mwenyewe nitamwita aje asikie. Maana Shangazi ana kisimu cha vibonyezo, hakiwezi kubeba hata mlio wa jogoo, sembuse falme tisa.

Taifa letu lilitoka miezi mitatu iliyopita. Na sasa Shangazi alikuwa pale pale, anammiminia Kipenga, na mkono wake ulisimama kidogo tu kabla ya kuendelea. Katibu aliona.

— Hebu ngojeni, alisema Chaji. Labda ni matapeli. Kuna watu kazi yao kutuma ujumbe wa kuua watu kwa presha.

Akaingia ndani mbio. Benchi likasikiliza kompyuta ikinguruma kuamka. Aliporudi alisimama mlangoni na mikono imemning'inia.

— Hatupo. Ngome nane, halafu pale petu pamebaki peupe. Hata bendera wameng'oa.

— Peupe kabisa?

— Kama ukuta uliotolewa picha.

Mwalimu Ramani alivua miwani, akaifuta, akairudisha bila kuitumia. Katibu akaendelea kusoma kwa sababu kitasa ni kitasa. Kulikuwa na orodha. Katika nchi yetu, taifa linaloongoza kwa kuchaguliwa ni Dola ya Ng'ambo, yaani wale waliowatawala babu zetu. La pili, majirani. La tatu, nchi ya barafu. Orodha ikashuka hivyo mpaka la tisa.

— Sisi, watu mia mbili na kumi na mmoja.

— Mtaa huu peke yake?

— Nchi nzima.

— Katibu, sahihi zako zilikuwa mia sita.

— Najua zilikuwa ngapi, Kipenga.

— Yaani kuna watu mia nne waliosaini wakaenda zao.

— Nimesema najua. Sikiliza hii. “Katika nchi za barafu, taifa la tisa limechaguliwa na wachezaji elfu thelathini na moja.”

Hapo Chaji alikaa chini, si kwenye benchi, chini kabisa, kwenye kizingiti.

Kipenga ndiye aliyepata sauti kwanza. Alikuwa refa wa mechi za mtaani mpaka goti lilipomkatalia, na tangu aache filimbi hajaona matokeo yasiyopangwa.

— Hii mechi imeuzwa, alisema. Mnakumbuka wiki taifa letu lilipotoka? Majirani walitolewa bure huku kwetu, sisi tukawekwa kwa bei. Kwa nini? Kwa sababu walijua sisi kwetu tutanunua tu, damu nzito.

— Tukanunua?

— Hatukununua. Lakini wao walijua tutanunua. Ndiyo rafu yenyewe hiyo.

— Sasa nani kamchezea nani rafu?

— Usinichanganye, Mwalimu. Refa akipuliza amepuliza.

Mwalimu Ramani alitikisa kichwa kwa huruma ya mtu aliyewahi kusahihisha madaftari mengi.

— Jambo hili ni la kijiografia. Binadamu huchagua asichonacho. Mtu wa barafu anachagua jua, ndiyo maana anatuchagua sisi. Mtu asiye na bahari anachagua meli. Mtu mwenye kiongozi mfupi anachagua askari warefu. Lakini si hilo tu. Taifa letu limewekwa kona ya kulia, chini. Sasa nionyesheni mnavyoshika simu.

Wote wakashika simu.

— Mnaona? Kikombe mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto. Kidole gumba cha kushoto kikinyooka kinaishia kwa majirani. Hakifiki kwetu. Kule kwenye barafu hawakai nje kunywa kahawa, mikono yao yote miwili ina nafasi.

Wote wakapima vidole. Chaji alijaribu mara tatu, kidole kikaishia kwa majirani mara zote tatu, na uso ukambadilika.

— Mungu wangu. Kwa hiyo ni kikombe?

— Ni kikombe na jua. Joto linavuta mishipa ya gumba.

— Mimi nasema hayo yote madogo, alisema Chaji. Sikilizeni nililosikia mimi. Wanasema askari wetu ndani ya gemu ni sisi watupu. Ukiwaambia waende vitani, wanasalimiana kwanza. Habari za nyumbani, watoto wanaendeleaje, yule mgonjwa alipata nafuu? Adui anavunja ukuta, wao bado wako kwa mgonjwa. Wakifika vitani, vita vimekwisha.

— Nani kakwambia?

— Wanasema. Jiulizeni, watu wa kampuni walijuaje kwamba sisi ndivyo tulivyo? Walikaa hapa siku mbili tu. Wamejuaje habari ya mgonjwa?

Chaji akashusha sauti.

— Wanatusikiliza. Benchi hili. Kupitia hizi.

Simu nne zilikuwa juu ya mlango. Kipenga alivua kofia yake polepole akaifunika ya kwake. Mwalimu Ramani, msomi wa watu, aliikalia.

— Basi tumekwisha, alisema Mwalimu, na sasa alikuwa ameshtuka kweli, jasho limemtoka juu ya mdomo. Elfu thelathini na moja. Hebu fikirini. Wakati huu tunaozungumza kuna mtoto wa miaka kumi na mbili, kavaa koti zito, yuko kitandani kwao na biskuti, na yeye ndiye mkuu wetu wa nchi. Anatukatisha miti. Anatuhamisha mto. Na sisi kwetu hatuwezi hata kufungua kuona amejenga wapi.

— Wametutawala tena, alisema Kipenga.

— Safari hii hawakuhitaji hata kuja.

Katibu hakuchangia. Kila nadharia ilipopanda, yeye alikuwa anashuka. Kwa sikio moja aliwasikia, kwa jicho la pembeni alikiona kigoda cha Shangazi, na ndani yake kulikuwa na jambo moja aliloomba Mungu lisifikiwe. Alinyoosha mkono ayasukume mazungumzo yaende kwingine, labda kwa habari za maji, lakini Kipenga alimwahi.

— Chaji, kompyuta zako si zinaweka kumbukumbu? Nani kachagua nini, lini?

— Mashine haisahau.

— Basi lete. Tuwajue hao wasaliti wa mtaa huu kwa majina.

— Hakuna haja, alisema Katibu. Yamepita.

— Haja ipo. Lete.

Chaji aliingia, akatoka na karatasi aliyonakili kwa kalamu. Akaanza kusoma amesimama, na kadiri alivyosoma ndivyo kasi ilivyompungua.

— Mwalimu Ramani. Dola ya Ng'ambo, mara sitini na mbili.

Vichwa vikageuka.

— Nawatuma maji, alisema Mwalimu kwa heshima zake zote. Babu yangu aliwachotea maji miaka kumi na minne. Mimi nikifungua tu gemu, nawapanga mstari, nawatuma mtoni. Sijengi ngome, sipigani. Nawachotesha maji mpaka nashindwa vita, nalala vizuri.

— Kipenga. Majirani, mara themanini.

— Hesabu yangu ni safi. Nikishinda, nimeshinda mimi. Nikishindwa, wameshindwa wao. Nionyesheni hasara iko wapi.

— Mimi mwenyewe, Chaji, watu wa farasi. Sina la kusema, napenda farasi. Halafu kuna... hapa kuna moja ya kwetu. Taifa la tisa, dakika nne, mashine ya pili.

Katibu aliinua uso. Hata Shangazi aligeuka kwenye kigoda chake.

— Nani huyo?

— Kipenga.

— Nilibonyeza vibaya, alisema Kipenga. Nilipoona bendera yetu nikatoka haraka.

— Lakini ulisikia, alisema Katibu, na sauti ilimtoka kama ya mtu anayekopa. Dakika nne, lazima ulisikia.

— Sauti zilikuwa zimezimwa. Wewe unajua sheria ya Chaji.

Ni kweli. Mle ndani sauti huzimwa tangu siku mwenye nyumba alipolalamika kwamba vita vinapigwa chini ya sakafu yake. Chaji alikunja karatasi nusu, akaona bado kuna mstari mmoja, akamtazama Katibu kama anayeomba ruhusa.

— Soma, alisema Kipenga.

— Katibu. Nchi ya barafu. Mara mia moja na nne.

Kikombe cha Mwalimu Ramani kilisimama njiani kuelekea mdomoni.

— Wewe? alisema Mwalimu. Uliyetusimamia na kalamu?

— Uliyenisainisha nina povu sikioni? alisema Kipenga.

Katibu alisimama. Hakujua amesimama mpaka alipoona vichwa vya wenzake viko chini yake.

— Nilikuwa najifunza kwanza, alisema. Nyinyi hamwelewi. Sikutaka kulishika la kwetu nikiwa sijui kitu, nikaliaibisha. Nikasema nianze na watu wa mbali, nikikosea nimekosea kwao huko. Nikishakuwa hodari ndiyo nihamie. Nilikuwa nakaribia. Wiki hii nilikuwa nakaribia kabisa.

— Mara mia moja na nne, Katibu.

— Gemu ngumu ile.

— Kwa hiyo hamkuwa mnangoja.

Aliyesema hivyo ni Shangazi. Hakupaza sauti. Alikuwa anapanga vikombe ndani ya beseni, kimoja ndani ya kingine.

— Kungoja nini, Shangazi?

— Siku. Nilisema Katibu ni mtu wa mipango, lazima anapanga siku, watu wawepo, aje na kaka yangu. Nikawa nasubiri. Wiki taifa lilipotoka nilikuja na lile gauni langu la kwendea harusini. Siku nne nimelivaa, hapa hapa, na mvuke wa kahawa. Wewe ukaniambia nimependeza.

Katibu alikumbuka. Gauni la zambarau, lenye shanga shingoni. Alikuwa amelisifu kila siku kati ya siku hizo nne, na hakuuliza, hata siku moja hakuuliza, mtu anauzaje kahawa na shanga. Alishtuka kwa aibu hivi kwamba masikio yalimwaka moto, na akatafuta neno la kusema, na kila alilolipata lilianza na “nilikuwa”.

Hapo ndipo alipofika dada msoma mita. Ni wa mamlaka ya maji, mgeni mtaani, ana daftari refu na viatu vya vumbi. Aliomba kahawa, akapewa ya kikombe kamili, akatafuta pa kukaa. Nafasi ilikuwa moja, ile aliyoiacha Katibu. Akakaa, akaruka kidogo, akatazama alichokalia.

— Pole, dada, alisema Mwalimu Ramani. Hicho ni kitasa. Aliyekaa hapo anasoma.

— Nasoma mita, mzee.

— Leo utasoma na hiki.

Akapewa simu ya Katibu. Katibu alitaka kuizuia lakini hakuwa na sababu anayoweza kuitaja. Msoma mita alikunywa fundo, akateremsha kwa kidole, akaruka yale yaliyokwishasomwa, maana Kipenga alimwambia anzia pale pa elfu thelathini na moja. Alikuwa na sauti nzuri, iliyozoea kutaja tarakimu kwa watu wasiotaka kuzisikia.

— “Tungependa kuwashukuru kwa mchango wenu. Katika nchi za barafu, kilichopendwa zaidi katika taifa la tisa ni sauti ya mfanyakazi wa kike. Maneno anayoyasema mchezaji anapompa kazi yamekuwa yakirudiwa na watoto mashuleni na mashabiki viwanjani, katika lugha yake ile ile bila kutafsiriwa, na mwaka huu tunayachapisha kwenye fulana.”

Alimaliza. Akamrudishia Katibu simu kwa mikono miwili, kama ilivyo adabu.

— Kumbe ni lugha yetu, alisema. Watu wa barafu wanasema lugha yetu. Mimi sikujua.

— Hata sisi, dada, alisema Chaji taratibu. Leo ndiyo tunajua.

— Na huyo mama ni wa hapa nchini?

— Ni wa hapa, alisema Mwalimu Ramani, na akakitazama kikombe chake.

— Kwani anasema nini?

Aliuliza hivi hivi, kama anavyouliza mtu aliyepumzika. Alimtazama Kipenga, na Kipenga akavaa kofia, akaivua. Alimtazama Chaji, na Chaji akageukia ndani kwake, kule kwenye kompyuta sita zenye ngome nane nane. Mwalimu Ramani alifungua mdomo kama mtu mwenye nadharia, akaufunga. Mwisho msoma mita akamwinulia macho Katibu, aliyekuwa bado amesimama na simu mkononi, maana aliona huyo ndiye mwenye habari.

Katibu aligeuka kumtazama Shangazi. Ilikuwa rahisi, hatua tatu tu, angemwuliza. Shangazi alikuwa anamtazama pia, uso hauna hasira, unangoja tu, kama mtu anayetaka kuona swali litamfikaje. Na Katibu hakuweza. Mtu aliyempigia debe kwa kaka yake, akala kiapo, akamweka kwenye chumba cha magodoro siku mbili, angeanzia wapi kumwuliza leo ulisema nini huko?

Shangazi alingoja bado kidogo. Kisha akachukua kifuniko, akaifunga chupa ya bluu, akakaza.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Alijitwika kigoda, akachukua beseni la vikombe kwapani na chupa mkononi, akawaaga mmoja mmoja kama kawaida yake, na Katibu akaagwa wa mwisho. Alipompita, chupa ilimgusa Katibu gotini, na wote waliokuwa kwenye benchi wakaisikia ikicheza ndani, imejaa zaidi ya nusu.